Kupima Uwanja kwa Njiti ya Kiberiti

Mke wangu ana urefu wa njiti thelathini na saba za kiberiti. Sikumpima. Nilimwona tu amesimama mlangoni kwa shangazi yake kule Nguba, na hesabu ikaja yenyewe kabla hata sijamsalimu. Mlango wenyewe ulikuwa njiti arobaini na saba. Jeneza la baba yangu, Mungu anisamehe, lilikuwa njiti arobaini na tano, na nilikuwa nimelishika upande wa kichwa nikilia machozi ya kweli wakati nahesabu. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyo. Sijakizoea bado.

Kazi yangu ni kupima viwanja. Watu wa Bukavu wananiita géomètre, hata wale ambao hawajawahi kuniona nikifanya kazi, maana mji huu umejengwa juu ya milima inayoteleza, na kila mvua kubwa inahamisha ukuta wa mtu. Kila mwenye kiwanja anaamini jirani yake amemlia mita moja. Mimi nafika na utepe wangu, na karatasi zangu, na kofia, nawaambia mpaka uko wapi, halafu pande zote mbili zinanikasirikia sawasawa. Naipenda kazi hii sana.

Sasa njiti zilitoka wapi? Zilitoka shuleni.

Nilipoingia sekondari nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa mdogo kiasi kwamba mkoba wangu ulionekana kama ndio unaonibeba. Shule yetu ilikuwa ya wavulana, juu ya kilima, na ilikuwa na desturi ambayo shule nyingi za kwetu zinayo: mgeni wa mwaka wa kwanza anaitwa bleu, na wakubwa wanambatiza. Ubatizo huo hauna maji. Bleu anaambiwa achumbie kiti mbele ya watu, akipigie magoti, akiahidi ng'ombe. Mwingine anaambiwa ausifie mkalitusi dakika tano bila kupumua. Na mwingine anapewa njiti moja ya kiberiti, anaambiwa: pima uwanja wa mpira, uje utuambie ni njiti ngapi.

Mimi nilipewa njiti.

Aliyenipa alikuwa wa darasa la juu, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya ziwa. Nitamwita Mbatizaji, maana ndiyo kazi aliyojipa. Bleu wenzangu waliopewa njiti walikuwa na akili. Walipima hatua tatu, wakasimama, wakasema namba yoyote iliyowajia, elfu mbili na moja, milioni, wakacheka, wakapigiwa makofi, wakaenda zao. Mimi baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Kwetu nyumbani kila hesabu ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja. Basi nikapiga magoti kwenye kona ya uwanja nikapima kweli. Nililaza njiti, nikaweka alama kwa ukucha, nikalaza tena. Mapumziko yakaisha nikiwa sijafika hata kwenye goli.

Kesho yake nikarudi. Siku ya nne nikampelekea namba. Akaniangalia muda mrefu. Nadhani hajawahi kukutana na mtu mjinga namna ile.

“Uongo,” akasema. “Rudilia.”

Yeye mwenyewe hakujua jibu. Hakuna aliyejua jibu, hata padri mkuu wa shule hakujua uwanja wake una njiti ngapi. Lakini mimi nilisadiki kwamba nimekosea, nikarudi kupima. Kwa wenzangu ubatizo ulichukua wiki moja. Kwangu ulichukua miaka miwili.

Nieleze pia habari ya ban, kwa sababu bila ban hadithi hii haitembei. Kwetu Congo, katika sherehe yoyote, ubatizo, ndoa, kufungua duka la chumvi, lazima mtu asimame aseme, “Tupige ban kwa fulani,” na watu wote wanapiga makofi kwa mpangilio, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Ni heshima. Mbatizaji alikuwa akikusanya wavulana ishirini, thelathini, pembeni ya uwanja, na kusema, “Ban ya mzee Njiti!” Wanapiga. Na kofi la mwisho likipigwa, mimi lazima niwe nimeshachuchumaa, njiti mkononi, tayari kuanza. Nikichelewa, wanarudia ban. Kuna siku waliirudia mpaka kengele ikalia.

Nacheka nikiandika, na ninyi chekeni, nimewapa ruhusa. Mtoto amechuchumaa kwenye nyasi anapima uwanja kwa kitu cha kuwashia jiko, ni jambo la kuchekesha. Lakini nilikuwa nakula ndizi yangu nyuma ya choo ili nisionekane. Rafiki niliyetoka naye shule ya msingi aliacha kukaa nami, na sikumlaumu, maana hata mimi, kama ningeweza, nisingekaa nami. Suruali zangu zilitoboka magotini. Mama alipouliza, nilimwambia nacheza mpira. Alifurahi sana. Akawaambia majirani mtoto wake atafika mbali na hiyo miguu. Baba, mtu wa hesabu, asiyejua mpira una watu wangapi, akanunua mpira wa ngozi siku ya Noeli akanipa mbele ya ndugu wote. Nilisema asante. Niliuchukia mpira ule kuliko nilivyomchukia Mbatizaji.

Kisha Mbatizaji akafaulu mtihani wa taifa akaondoka. Hivyo tu. Hakuna aliyekuja kuniambia, bwana mdogo, umemaliza, simama.

Basi mimi sijasimama. Mpaka leo, ikipigwa ban, magoti yananikunjika. Chuo kikuu sikuenda kuchukua diploma yangu. Nilisema kichwa kinauma, na kwa kweli kiliuma, nilikipigapiga ukutani kidogo ili nisiwe mwongo. Kwenye ndoa yangu nilisahau kujikinga. Msemaji wa sherehe, mtu mwenye koti la kung'aa, akapaza sauti: “Ban kwa maarusi!” Watu mia mbili wakapiga. Nilipofungua macho nilikuwa chini, nimechuchumaa na suti, bibi arusi amesimama peke yake na maua yake. Mjomba wangu, Mungu ambariki, aliwaeleza wageni kwamba upande wa mama yetu, kule Kamanyola, bwana arusi huwa anachuchumaa kuonyesha kwamba atakuwa mnyenyekevu ndani ya nyumba. Wanawake walishangilia. Nasikia wapo vijana wawili walioiga.

Jioni ile mke wangu aliniuliza. Nilimwambia nilikuwa nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Tangu siku ile, tukiwa kwenye sherehe na akaona mtu anakaribia kusema ban, ananishika kiwiko kwa nguvu kabla haijaanza. Ananishika mpaka iishe. Hajawahi kuniuliza tena.

Jambo la pili, ambalo ni baya zaidi, ni kwamba siwezi kukataa. Mtu akiniomba jambo kwa sauti ya juu kidogo, kinywa kinasema ndiyo kabla mimi sijafika. Mimi ni mwimbaji katika kwaya mbili za parokia, na sauti yangu ni ya kufukuzia mbuzi. Ni baba wa ubatizo wa watoto kumi na mmoja. Nyumbani kuna vitabu vinne vikubwa vya ufugaji wa nyuki, kwa Kifaransa, vya mtu aliyepita mlangoni. Sina nyuki. Naogopa nyuki.

Kwa nini sikumwambia mtu? Niliulizwa hivyo majuzi na daktari mmoja, na nilimjibu kwa hasira. Mji huu umeona mambo. Hapa kila familia ina mtu wake wa kulilia, na jirani yako anayekusalimu kwa tabasamu amepitia yale ambayo hayasemwi mezani. Nani atasimama katikati ya watu hao aseme, jamani, mimi niliumizwa na njiti ya kiberiti? Nilikuwa naona haya. Nilijiambia hili si jambo, watu wamekufa, wewe unalia nini. Nikanyamaza zaidi ya miaka ishirini, na kila ban nikachuchumaa.

Halafu, mwaka jana, siku ya Jumatano, simu ikalia.

“Petit wangu,” sauti ikasema, “unanikumbuka?”

Ingekuwa ajabu nisimkumbuke. Nilikuwa tayari nimekaa sakafuni.

“Ndiyo, grand,” nikasema. Grand ni mkubwa wako wa shule, na petit ni mdogo wake, na kwetu vyeo hivyo havina mwisho, hata mkizeeka wote.

Alikuwa amenunua kiwanja Muhungu, anataka kujenga ukuta, na jirani yake mmoja wa zamani hajui mpaka uko wapi. Amesikia mimi ndiye mpimaji mzuri. Nije Jumamosi asubuhi. Kinywa changu kikasema ndiyo. Nilimwambia mke wangu nina kazi Jumamosi, akaniuliza mbona nimekaa sakafuni, nikasema sakafu ina baridi nzuri.

Kwa siku tatu nilijiandaa. Nilijua jambo moja tu ninalolitaka kwa mtu yule: nisimame mbele yake, kwa miguu yangu, na kama ataniomba lolote lisilofaa, niseme hapana. Neno moja. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikalifanyia mazoezi kwa kuku wa nyumbani. Kuku walinielewa vizuri.

Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka chini ya kilima, nikapanda ngazi za udongo na vifaa vyangu begani. Akanifungulia geti mwenyewe. Nilishtuka. Kichwani mwangu alikuwa njiti hamsini. Aliyesimama pale hakuzidi arobaini na moja, ana kitambi, ana upara, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Akanikumbatia. Alinukia sabuni ya mtoto. Nilijiandaa kwa simba, nikapewa mhasibu.

Kwa kupima mpaka, kwetu hufiki peke yako. Lazima majirani wawepo, na mkuu wa barabara, yaani kiongozi wa mtaa huo, awepo, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuona. Mkuu wa barabara alikuwa mzee wa koti la kijivu na mfuko wenye muhuri wake. Alikuwepo mke wa Mbatizaji, na majirani watatu wanaume waliokuja kwa sababu hawakuwa na kazi. Na alikuwepo mwenye kiwanja cha upande wa pili, bibi mmoja ambaye barabara nzima inamwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Koko alikuwa na nyumba ndogo, mistari miwili ya mchicha, na jiko lake la mabati lililojengwa pembeni kabisa ya mpaka, mahali ambapo anapika kila siku bugali la wajukuu.

Mbatizaji akanishika bega mbele yao wote.

“Munamuona huyu?” akasema. “Ni mimi nilimufundisha kupima. Tangu masomo. Nilimupatia njiti ya kiberiti, nikamwambia, pima terrain yote. Sasa angalia, amekuwa mutu mukubwa.”

Watu wakacheka. Mkuu wa barabara akatikisa kichwa kwa kupendezwa. “Kumbe ulimusaidia,” akasema.

Hapo nilichukia. Nasema wazi, nilichukia hata masikio yakapata moto. Mtu akikusukuma ndani ya ziwa, ukapiga miguu ukafika ukingoni, yule si mwalimu wa kuogelea. Mimi ningekuwa mpimaji hata bila yeye. Ningekuwa labda mpimaji anayelala vizuri. Baba yangu ndiye aliyenifundisha hesabu, mezani, na kalamu ya risasi. Hayo yote nilikuwa nayo tayari kinywani. Nilichosema ni, “Ndiyo, grand.”

Tukaanza kazi. Karatasi zilikuwa safi, za zamani lakini safi, na baada ya saa moja nilikuwa na mstari wangu. Mpaka ulipita kati ya jiko la Koko na bustani ya Mbatizaji, kiasi cha unene wa mkono kutoka ukuta wa bati. Hata jiwe la zamani la mpaka tulilikuta, limezama kwenye mchicha. Hakukuwa na mgogoro wowote. Ingekuwa kazi rahisi kuliko zote za mwaka ule.

Mbatizaji akaniita pembeni, chini ya paa lake.

“Petit,” akasema kwa sauti ndogo, “sogeza ile jiwe hatua moja upande wa Koko. Hatua moja tu. Gari yangu haiwezi kugeuka. Koko hata sindano haione, atajua wapi?”

Hatua moja kwa upande ule ilikuwa jiko lote.

Sikilizeni jambo lililoniuma zaidi. Hakunipa kitu. Katika kazi hii watu wananipa bahasha, wananiletea kuku, mmoja aliniahidi binti yake nikamwonyesha pete yangu. Yeye hakuona hata haja. Alijua nitafanya bure, kama mtu anavyojua mlango wake unafunguka upande gani.

“Ndiyo, grand,” nikasema.

Nililisikia likitoka. Nikamwambia mfanyakazi wa Mbatizaji achimbe shimo, hatua moja, na nikamwonyesha mahali kwa kidole changu mwenyewe. Koko akaja na thermos ya chai na viazi vitamu kwenye sahani, akaviweka juu ya kisanduku changu cha vifaa.

“Kunywa, mutoto wangu. Unachoka juu yetu,” akasema. Halafu akaangalia lile shimo jipya kwa upande, na akaniuliza, “Na jiko yangu inabakia?”

Nikatia kiazi kizima kinywani ili nisijibu. Kilikuwa cha moto sana. Machozi yalinitoka, na Koko akadhani ni ya shukrani, akanipa kingine.

Jiwe la saruji likaletwa. Watu wakalizunguka shimo. Ilikuwa bado dakika moja, jiwe liingie, mkuu wa barabara apige muhuri, jiko la bibi wa watu livunjwe Jumatatu, na mimi nirudi nyumbani nikiwa yule yule. Mbatizaji alikuwa na furaha. Akapandisha mikono juu.

“Kabla ya kutia jiwe,” akasema, “tupige ban kwa géomètre wetu!”

Mke wangu hakuwepo kunishika kiwiko. Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Nikaenda chini.

Nilichuchumaa pembeni ya shimo, mikono juu ya magoti, kofia imeniangukia machoni. Mkuu wa barabara akaniangalia. Yeye ameona mipaka mingi, lakini hajawahi kuona mpimaji anashuka hivyo kabla ya jiwe. Ni mtu wa utaratibu. Akadhani ni utaratibu mpya wa serikali. Akakunja koti lake vizuri, na yeye akachuchumaa.

Majirani watatu walipoona mkuu ameshuka, wakashuka. Mke wa Mbatizaji alikuwa amevaa kitenge cha kubana, lakini akajitahidi, akashuka upande upande. Koko akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akashuka polepole, magoti yakilia, akasema, “Kwa jina la Baba, na la Mwana.” Mfanyakazi mwenye koleo akachuchumaa na koleo. Sote tulikuwa chini kwenye tope tukitazamana. Aliyebaki amesimama ni Mbatizaji peke yake, mikono bado iko hewani.

Akaniangalia kutoka juu. Nikaona kwenye uso wake kwamba amekumbuka. Si njiti, ile hakuwahi kuisahau, alikuwa akiisimulia kwenye sherehe. Alinikumbuka mimi.

Na mimi kutoka kule chini, kimo cha njiti ishirini, niliona kitu ambacho kwa kusimama sikukiona: kizingiti cha jiko la Koko, na majivu ya asubuhi ile, na shimo langu limechimbwa nyuma yake kabisa, ndani ya maisha ya mtu.

“Hapana,” nikasema.

“Hapana nini?” mkuu wa barabara akauliza, bado amechuchumaa.

“Shimo halipo mahali pake. Mpaka uko kule, penye jiwe la zamani. Nilikosea kuonyesha.”

Nilitaka kusimama niwaonyeshe. Miguu ilikataa. Haikuwa imepata habari bado. Basi nikaenda vile vile, nimechuchumaa, nikitupa mguu mmoja mbele na mwingine, kama bata, mpaka kwenye mchicha. Na wote wakanifuata. Walidhani ndivyo inavyofanyika. Mkuu wa barabara na mfuko wake wa muhuri, majirani watatu kwa mstari, mke wa Mbatizaji anasema “samahani, samahani,” na Koko ambaye alitangulia mbele yetu sote kwa sababu mchicha ulikuwa wake na alijua njia. Tulifika. Nikaweka mkono juu ya jiwe la zamani.

“Ni hapa,” nikasema. “Karatasi inasema hapa, na mimi nasema hapa.”

Jiwe jipya likatiwa pale. Mkuu akaipigia karatasi muhuri juu ya goti lake. Nasikia siku hizi barabara ile haikubali mpaka wowote usiochuchumaliwa, na mpimaji mwenzangu aliyekwenda kule mwezi uliopita alirudishwa kwa kukosa heshima.

Watu walipotawanyika, Mbatizaji akanisindikiza mpaka getini. Hakusema lolote la jiwe. Alikuwa akisafisha miwani yake kwa shati, akiivaa, akiivua tena.

“Petit,” akasema mwishowe. “Ile ya njiti. Sisi tulikuwa batoto, hein. Ilikuwa mchezo.” Akaivaa tena miwani. “Pole.”

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa muda mrefu kuliko umri wa ndoa yangu. Nilikuwa nimelitungia majibu ya kila aina, mengine yenye Kilatini. Na kinywa changu, kinywa hiki hiki, kikasema:

“Hakuna shida, grand.”

Akapumua. Uso wake wote ukalegea. Akanipiga bega, akanitakia safari njema, akafunga geti, na nikamsikia akimwambia mke wake kwamba ana njaa.

Nikashuka ngazi. Nilipaswa kufurahi: jiko la Koko limesimama, nimesema hapana, nimeombwa radhi. Lakini kila ngazi niliyoshuka hasira ilipanda. Hakuna shida. Nani kasema hakuna shida? Ndivyo tunavyojibu sisi katika mji huu. Umekanyagwa mguu, hakuna shida. Umeibiwa, umezikiwa, umefukuzwa, hakuna shida, tunasonga. Mbatizaji amekwenda kula chakula chake cha mchana amefunguliwa mzigo, na mzigo umebaki kwangu, na ni mimi mwenyewe niliyeurudisha begani. Mwenye pikipiki akaniona nimesimama kando ya barabara nikiongea peke yangu. Akaniuliza, “Papa, tunaenda?” Nikaketi nyuma yake. Nikashuka.

Nikapanda tena zile ngazi, zote, na vifaa vyangu. Nilifika juu pumzi zimekwisha. Nikagonga.

Akafungua yeye. Vidole vyake vilikuwa na bugali.

“Ulisahau kitu?”

“Nilisema hakuna shida,” nikasema.

“Ndiyo.”

“Shida iko.”

Akaniangalia. Nadhani alitafuta cheko mahali fulani usoni mwake, hakulipata.

“Shida kubwa?” akauliza.

“Kubwa. Na ni ndefu.”

Nyuma yake nilimwona mke wake amesimama mlangoni na sahani ya samaki. Mbatizaji akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akasogea pembeni nipite.

“Ingia basi. Tutakula, utaniambia.”

“Hapana,” nikasema. “Kwanza utanisikiliza. Kisha utakula.”

Akaenda kwenye ndoo, akanawa bugali mikononi, akarudi, akakaa.